Uso Usio na Chale

Mkunya, Newala
6 Juni 1993

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua macho yako bado yamefungwa bandeji na barua hii utasomewa. Namwomba anayekusomea asiruke neno, hata atakaloliona ni kali.

Nyumbani tu wazima. Shangazi Oliva anahangaika na salfa ya kupulizia mikorosho. Mwaka huu haikuja kwa chama cha ushirika, inauzwa dukani kama sukari, na mwenye duka anaitolea maringo. Mimi shuleni sijambo. Nafundisha, narudi, nakaa chumba cha mbele na watu wako.

Kuhusu watu wako ndiyo naandika. Juzi alikuja mtu anaitwa Muharami, mnunuzi wa vinyago wa duka moja la Dar es Salaam. Alisimama mbele ya mbao zako nane, mikono kiunoni, kama anachagua mbuzi.

"Dada, hawa ni akina nani?"

"Wapiganaji wa Msumbiji. Baba aliwachora hapahapa kabla hawajavuka Ruvuma."

"Safi sana. Historia inauzika siku hizi. Ila huyu mwanamke mbona uso mtupu? Wenzake wote wana chale."

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba wakati wa vita hukuthubutu kumchora mtu na chale zake, kwa sababu chale za Mmakonde zinamtaja: ametoka wapi, ni wa nani. Wapelelezi wa Wareno walikuwa wanatembea mpaka sokoni Newala. Kwa hiyo uliwachora wote nyuso tupu. Aliyerudi salama alichukua ubao wake akaenda nao. Aliyekufa ulimwandikia chale zake, maana hapakuwa tena na wa kumkamata.

Muharami akakuna kidevu. "Basi huyu hajafa."

"Amekufa," nikamwambia. "Ni mama yangu. Baba tu hajakubali."

Akasema pole, kisha papo hapo akasema anazitaka zote nane, lakini huyo wa nane lazima amaliziwe. Wazungu, anasema, hawanunui Mmakonde asiye na chale. Shangazi amesikia habari ya pesa tu, amekwisha kuvutiwa. Anaota paa la mabati. Muharami anarudi mwisho wa mwezi kusikia jibu.

Za kuuza utaamua wewe. Ila Mama, Baba, mmalizie. Ukirudi, au sasa kwa mkono wangu. Ulinifundisha kushika brashi kabla sijajua kushika kalamu. Niambie tu chale zake zilikuwaje.

Mwanao,
Veridiana

*

Ndanda
12 Juni 1993

Mwanangu Veridiana,

Marahaba. Anayeandika ni nesi Salome. Nimemwambia aandike vilevile ninavyosema, amenijibu nisimfundishe kazi.

Jicho la kulia wamelisafisha, la kushoto bado. Chakula ni kizuri, chumvi hakuna.

Mwambie huyo Muharami aende zake. Mbao zile ni vifuniko vya masanduku ya risasi, na rangi ilikuwa mabaki ya rangi ya milango, niliyoyapata nilipokuwa fundi kwenye karakana ya misheni hapahapa Ndanda. Nyeusi nilitengeneza kwa masizi ya chungu. Hakuna kitu cha kuuza pale. Na si zangu. Vijana wale walikaa mbele yangu wakasema, "Baba, mama yangu akija kutoka kambini mpe hii." Mama zao hawakuja. Mimi natunza. Ndege zilipiga mabomu bondeni, nikazifukia mbao shambani, nikazifukua. Sikuzitoa wakati ule kwa hofu, sizitoi leo kwa mabati.

Mama yako alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa. Wewe ulikuwa mgongoni mwa shangazi yako, unalia kama umekanyagwa. Alivua pambo lake la mti mdomoni, ile ndona, akaitia mfukoni. Nikamwambia, "Ivae, nikuchore kama mke wa mtu." Akasema, "Naenda kubeba risasi, siendi ngomani. Chora unachokiona." Nikachora tundu la mdomo wa juu likiwa wazi. Asubuhi yake akavuka.

Chale zake sikuambii. Usimguse mama yako. Hilo si ombi.

Baba yako,
Bonifasi

Dada Veridiana, mimi Salome naongeza. Mzee huyu anabishana na kila mtu wodini, hata na redio. Lakini alipomaliza ya mama yako aliniomba nimsomee tena kipande hicho, mara tatu. Nimeona ujue.

*

Mkunya
19 Juni 1993

Baba,

Shikamoo.

Kwako ni rahisi kusema usimguse. Mimi ndiye niliyekulia chini ya uso ule. Nilipokuwa mdogo nilimwamkia kila asubuhi kabla ya kukuamkia wewe. Nilipofaulu kwenda sekondari nilimwonyesha matokeo. Nilipovunja ungo nilikaa mbele yake nikingoja aniambie jambo, Shangazi akaja kunivuta mkono.

Wenzangu waliofiwa na mama walinyolewa nywele, wakalala msibani, watu wakawapikia, siku ya arobaini ikafika wakaambiwa inatosha. Mimi sikuwahi kulia kwa utaratibu. Shuleni waliuliza, "Mama yupo?" Nikajibu, "Hapana." "Amefariki?" Nikajibu, "Sijui." Mwalimu akatazama juu kama nimemtukana. Mimi ni mtoto wa mtu asiyejulikana yuko chini au juu ya ardhi, kwa sababu fundi mmoja wa Mkunya amekataa kuinua brashi.

Watu wanakusifu. Wanasema, "Bonifasi alimpenda yule mwanamke." Nami nilijivunia hilo zamani. Sasa nauliza: ni mapenzi gani haya yanayomnyima mtu hata msiba wake?

Kule Msumbiji vita vya pili vimekwisha tangu mwaka jana. Watu wanavuka na vikapu vyao wanakuja kuuza samaki wakavu na kununua sabuni. Kama angekuwa hai angeshindwa kuvuka mto ambao wachuuzi wanauvuka wakicheka? Wewe mwenyewe unajua jibu.

Muharami anakuja Ijumaa. Mbao saba sitamwuzia, hapo nakutii. Lakini Mama nitamwandikia chale mwenyewe, kwa kufuata za yule mwanamke mwingine aliye karibu na dirisha. Zikiwa si zenyewe, Mungu atasoma nia. Nataka nilie nimalize.

Veridiana

*

Ndanda
25 Juni 1993

Veridiana,

Barua yako nimesomewa sasa hivi. Nimempa hii dereva wa lori linalopanda Newala leo. Acha. Usitie rangi. Kama umeshaitia, ifute haraka. Usinitii kwa mengine yote, nitii kwa hili.

Baba yako

(Ameitamka akiwa amesimama, wakati hatakiwi kusimama. Salome.)

*

Mkunya
25 Juni 1993

Baba,

Salamu sina.

Leo asubuhi nilikoroga masizi na mafuta, nikautoa ubao wa Mama barazani penye mwanga. Muharami alifika mapema, akaegesha pikipiki yake, akakaa kunitazama kama mtu aliyelipa kiingilio.

"Hivyo ndivyo, dada. Msomi anaelewa."

Nilivuta mstari mmoja kwenye shavu la kushoto. Nilikuwa nangoja machozi, hayakuja.

"Ongeza wa pili, kisha unipe na wale saba, tumalizane."

Hapo Shangazi Oliva akatokea shambani na mzigo wa kuni kichwani. Alipoona ubao aliutupa mzigo chini, vijiti vikaruka mpaka kwenye pikipiki.

"Futa! Futa, we mtoto! Unamtabiria mama yako!"

Muharami akacheka. "Mama, ni picha tu."

"Nyamaza wewe! Wifi yangu hajakukosea kitu!"

Alininyang'anya kitambaa, akakichovya kwenye mafuta ya taa ya kibatari, akasugua lile shavu huku akimwomba radhi, akimwita kwa jina, Julia, Julia, kama mtu anayemgonga mwenzake mgongoni akipaliwa. Mstari umebaki kivuli. Hautoki.

Nilisimama na brashi mkononi. Baba, mimi ni mwalimu, nafikiri polepole lakini nafika. Aliyekufa hatabiriwi kifo. Hakuna anayemwomba radhi maiti kwa kumwandika maiti. Shangazi alikuwa na hofu kama ile ya mtu anayeona nyoka karibu na mguu wa mtu aliye hai.

Nikamwuliza, "Shangazi, Mama yuko wapi?" Akaokota kuni zake moja moja, hakuinua uso. "Mwulize mwenye ubao."

Muharami alipitia palepale mlangoni, siku ya kwanza, bila kusoma hata ukurasa mmoja wa maisha yetu, akasema, "Basi huyu hajafa." Mimi niliyesoma miaka yote hii nikamrekebisha.

Nimemfukuza. Alipokuwa anawasha pikipiki alisema, "Mtakufa njaa mmekaa na sura za marehemu." Nikamwambia, "Heri marehemu, hawapangi bei ya mtu." Hatarudi, na kama atarudi, Shangazi ana kuni nyingi.

Sasa wewe. Uso ulikuwa mtupu kwa sababu mwenyewe yu hai. Ndiyo au siyo?

Veridiana

*

Ndanda
2 Julai 1993

Veridiana,

Wamefungua bandeji. Naandika mwenyewe, herufi kubwa kama za mtoto, Salome amekwenda kwa wagonjwa wengine, na haya si yake kuyasikia.

Ndiyo.

Wa Msumbiji walipopata uhuru wao, nilimtumia mama yako mjumbe arudi nyumbani. Akajibu kwa mdomo wa mjumbe yuleyule: amepata shamba, wanawake waliobeba risasi pamoja naye wamemchagua awasimamie, na kama nina miguu nivuke mimi. Sikuvuka. Nilikuwa na nyumba na mikorosho, na niliona haya mwanamume wa Mkunya kumfuata mke ng'ambo kama mkia. Kisha vikaja vita vyao vya pili, njia zikaziba. Lakini kila mkimbizi aliyepita nilimwuliza, na kila mara walisema, Julia yupo.

Wewe nilikuacha uamini vita vilimchukua. Kwa mtoto, mama shujaa aliyepotea ni mwepesi kumbeba kuliko mama aliyeamua. Unangoja niombe msamaha? Sitaomba kwenye karatasi.

Lakini usiseme nilidanganya. Watu walisema Bonifasi hakubali, sikuwasahihisha. Padri wa zamani aliniambia, "Mwandike amekufa, uoe tena, upate wa kukupikia." Familia nzima ilikuwa upande wake. Ningeweka mistari michache tu na mambo yangu yote yangekuwa mepesi. Nilikataa. Nimekula ugali wa kupika mwenyewe kwa kukataa kutia rangi shavuni pale. Ukweli niliutundika ukutani, wewe ukauamkia kila asubuhi. Uliwauliza watu. Ubao hukuuliza.

Yuko ng'ambo ya Ruvuma, uwanda wa Mweda. Ukiuliza Julia wa wanawake wa risasi, utaonyeshwa.

Baba yako

*

Mkunya
10 Julai 1993

Baba,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila mara nabadili upande.

Nimefanya jambo bila kukuuliza. Mbao zote nimezitundika nje barazani, zikitazama njia wanayopita wachuuzi wa ng'ambo. Umezificha vya kutosha. Vita vya kuwafichia vimekwisha. Shangazi aliogopa vumbi. Siku ya pili akapita mama mmoja anaitwa Kibibi na kapu la samaki wakavu. Akasimama mbele ya yule kijana mwenye sikio lililokatika. Aliweka kapu chini, akapitisha kidole juu ya chale zake, akasema, "Huyu ni Vitalis wetu. Ni nani aliyejua anavyocheka?" Nikampa ubao. Hakuuliza bei wala mimi sikuitaja. Alilia, nami nikalia naye, kwa utaratibu kabisa, mpaka Shangazi akaleta uji.

Kibibi anamjua Mama. Shule zimefungwa, nami nafuatana naye kesho. Ubao wa Mama nimeufunga kwenye kanga, nauchukua. Usijaribu kunizuia, barua hii itakufikia nikiwa nimeshavuka.

Veridiana

*

Uwanda wa Mweda
1 Agosti 1993

Baba,

Shikamoo. Unaandikiwa na mtoto aliyefika.

Tuliteremka ukingo wa Newala, tukavuka kwa mtumbwi, kisha siku mbili za kutembea nikikanyaga palepale alipokanyaga Kibibi, kwa sababu pembeni mwa njia bado kuna mabomu yaliyofukiwa. Nilikuwa na hotuba yangu kichwani. Niliipanga kwa aya.

Tulimkuta anapepeta mahindi mbele ya nyumba yake. Nilimjua kwa tundu la mdomo wa juu, limesinyaa kidogo. Akanitazama.

"We wa nani?"

"Veridiana wa Bonifasi. Shikamoo, Mama."

Akaweka ungo chini. "Marahaba. Umechelewa."

Hotuba ikanitoka kichwani. "Mimi ndiye nimechelewa?"

"Wewe, mimi, na huyo mwingine. Kaa."

Hakunikumbatia mpaka alipokwisha kunipa maji. Kisha hakuniachia.

Nilimwuliza kwa nini hakuja kunichukua. Akashangaa. Alisema alituma watu wawili, na jibu lako lilikuwa moja: "Mtoto anasoma." Hilo hukuliandika, Baba. Ukurasa ule wenye herufi kubwa ulikuwa na nafasi ya kutosha. Nimekaa nalo siku nyingi. Sijalimaliza, na nikirudi tutalizungumza mimi na wewe, wewe ukiwa umekaa na mimi nimesimama.

Nilifungua kanga. Alijitazama muda mrefu. Majirani wakaja, wakamtania, "Kumbe ulikuwa na shingo!" Kisha akaona kile kivuli shavuni.

"Na huu mstari?"

"Ni wangu. Nilichoka kukungoja, nikataka ufe nipumzike."

Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Umeuweka pabaya," akasema. Akachukua kidole changu, akakipitisha kwenye chale zake mwenyewe, shavuni, kwenye paji la uso, kwenye kidevu. Zina mabonde kama njia za maji baada ya mvua. Sasa nazijua. Sitakuchorea wewe, wala sitamwekea yeye akiwa hai.

Ana maneno yake kwako. Nayaandika kama anavyoyasema, kwa Kimakonde chake nikiyatia Kiswahili, na amesimama nyuma yangu kuhakikisha.

Veridiana

Bonifasi,

Mtoto anaandika, mimi nasema. Umemsomesha vizuri, anabisha kama mtu mzima.

Ubao nimeuona. Pua umenipendelea. Chale hukuniwekea, umefanya sawa, bado nalima. Ubao huu sirudishi, ni wangu; aliyerudi salama anachukua wake, si ndiyo sheria yako? Mimi nilirudi salama. Nilirudi kwangu.

Ulikataa kunizika walipokushauri unizike. Kwa hilo nakushukuru mbele ya mtoto. Ulikataa pia kuvuka, ukanikatalia na binti. Kwa hayo sikushukuru, na sitazeeka kiasi cha kukushukuru.

Siku yangu ikifika, chale zangu ataziandika Veridiana. Nimempa kidole azifuate. Kazi hiyo si yako tena.

Lakini nasikia macho yako yanaona, na mto uko chini mpaka mvua zianze. Ukitaka kunichora nilivyo sasa, njoo unitazame. Kinu kipo, nitakipindua nikikalie.

Ndona sivai.

Julia